Sauti Mikononi mwa Mtoto

Katika miaka niliyofundisha kitengo cha elimu maalumu ndani ya shule moja ya msingi mjini Tanga, nilipata kuamini, na imani hiyo haijanitoka hata leo nilipokwisha kustaafu, kwamba katika kompyuta nzima, pamoja na maajabu yake yote yanayosifiwa asubuhi na jioni, hakuna mahali palipowatesa wanafunzi wangu, na kupuuzwa na wataalamu, kuliko pale padogo pa kupandishia na kushushia sauti. Mtu mwenye viungo vitiifu hapaoni kabisa. Sauti ikimzidi, mkono wake hupaendea wenyewe, na moyo hutulia kabla akili haijapata habari. Lakini mtoto ambaye mkono wake hautii amri, au macho yake hayafiki, au ambaye mlio wa ghafula humwingia mwilini kwa kishindo, huyo akikosa njia ya kuitawala sauti huwa amefungiwa pamoja nayo katika chumba kimoja, na aghalabu hana maneno ya kuomba afunguliwe.

Kompyuta zetu zilitufikia mwaka 2012, zikiwa ihsani ya watu wa Ulaya ambao walikwisha kuzitumia maofisini kwao. Zilikuwa na mfumo wa Windows 7, na kila moja ilikuja na jozi ya spika ndogo za mezani. Tulizipokea kwa shukrani za dhati, wala sina neno baya juu ya waliozitoa. Walakini zilikuwa zimetengenezwa kwa ajili ya karani aketiye ametulia mbele ya meza yake. Ili kupunguza sauti ilimpasa mtoto aupeleke mshale wa kipanya hadi pembe ya chini ya skrini, upande wa kulia, karibu na saa, autue juu ya picha ndogo ya spika, abonyeze, na kidirisha chembamba kikifunguka, akishike kitelezi kilichomo ndani yake, akivute huku kidole kikiendelea kubonyeza bila kulegea, kisha akiachie papo hapo panapofaa, si kabla wala si baada. Mwaka 1954 mwanasaikolojia wa Kimarekani, Paul Fitts, alionyesha kwa hesabu kwamba muda wa kuifikia shabaha huongezeka kadiri shabaha ilivyo mbali na kadiri ilivyo nyembamba. Picha ile ilikuwa mbali, tena ilikuwa nyembamba. Na juu ya hayo, kazi ya kushika na kuvuta na kuachia ilikuwa ni mitihani mitatu iliyofungwa pamoja, ambayo mtoto akishindwa mmoja ameshindwa yote.

Palikuwa na binti mmoja wa Chumbageni, wa umri wa miaka tisa, mwenye mtindio wa ubongo wa namna ile ambayo mikono huenda yenyewe bila kuamriwa, na kila inapotakiwa itulie ndipo huzidi kuhangaika. Akili yake ilikuwa pevu na macho yake yalisema mengi, ila ulimi haukumpa maneno. Ieleweke kwamba kila mtoto mchanga huzaliwa na mshtuko wa kutupa mikono na kukakamaa asikiapo kishindo, na kwa watoto wengi mshtuko huo hufifia katika miezi ya mwanzo ya maisha. Lakini kwa wengi wenye hali kama yake haufifii, bali hukua nao. Basi kompyuta ilipowashwa, na ule wimbo wake mfupi wa kuamka ukatoka kwa sauti ile ile aliyoiacha mwanafunzi mkubwa wa jana yake, mwili wa binti huyu ulikuwa mgumu mara moja, mikono ikaruka pande zote, na kipanya kikaanguka sakafuni. Hapo ndipo nilipoufahamu ubaya wenyewe wa jambo hili: sauti ndiyo iliyomnyang'anya mkono wa kuizuia. Kadiri ilivyokuwa kubwa, ndivyo alivyozidi kuwa mbali na kile kitelezi ambacho kingemwokoa.

Bibi yake, ambaye ndiye aliyekuwa akimleta kila siku na kukaa barazani akimngojea, alinieleza maoni yake bila kuzungusha. "Mwanangu mwalimu," alisema, "huyu mjukuu wangu hakiogopi hicho chombo. Anaogopa kelele yake. Mwondoleeni kelele, chombo atakiweza."

Wapo walionishauri niziondoe spika kabisa. Lakini binti yule alikuwa akizipenda hadithi zilizosomwa na kompyuta, na nyimbo za kujifunzia hesabu, na milio ya wanyama; na madhali sauti ndiyo iliyokuwa mlango wake mkubwa wa elimu, niliona kwamba kuuziba mlango huo kwa kisa cha upepo mkali unaoingia kungekuwa ni udhalimu uliovikwa joho la huruma. Nilichokitaka ni kwamba mlango ufunguke na ufungike kwa hiari yake mwenyewe.

Nilimwendea fundi redio mmoja wa Ngamiani, mtu mzima ambaye alikuwa amezitengeneza redio za mji ule tangu enzi za betri kubwa na mikanda ya ngozi. Nilimweleza shida yangu. Hakunijibu upesi, alivuta mtoto wa meza, akatoa viungo viwili vidogo vya kuzungushwa, vya namna ile ambayo mafundi huiita voliumu, akaniwekea kiganjani.

"Tazama herufi, mwalimu."

Kimoja kilipigwa chapa ya A na cha pili chapa ya B, na ukiacha hizo herufi vilifanana.

"Hii ya A ndiyo ya sauti," alisema. "Hii ya B ukiitia kwenye redio, ukigusa tu mwanzo redio inapiga makelele, halafu ukizungusha mpaka mwisho huoni kinachoongezeka. Sikio halihesabu kama sisi tunavyohesabu."

Maneno hayo ya mwisho yalinifanya nirudi kwenye vitabu, nikakuta kwamba fundi wangu, bila kukanyaga chuo, alikuwa amesimama pamoja na wanazuoni wa Kijerumani, Ernst Weber na Gustav Fechner, ambaye kitabu chake cha mwaka 1860, kilichochapwa Leipzig, kilieleza kwamba hisia za binadamu hufuata uwiano wa kile kinachozichochea, wala si nyongeza yake. Nguvu ya sauti ikizidishwa mara kumi, sikio husikia takribani kama imezidi mara mbili tu. Ndiyo sababu sauti hupimwa kwa desibeli, kipimo ambacho kila kinapoongezeka kumi nguvu huwa imezidishwa mara kumi. Kipimo hicho kina jina la Alexander Graham Bell, mtu ambaye kabla ya simu alikuwa mwalimu wa viziwi mjini Boston, ambaye mama yake alikuwa na usikivu hafifu na mkewe alikuwa kiziwi. Hata hivyo viziwi wengi hadi leo, na mimi nasimama upande wao, wanayalaumu maoni yake ya kuipinga lugha ya alama. Kwa mtoto mwenye mkono usiotulia maana ya haya yote ni bayana: kitelezi kisichopangwa kulingana na sikio hukusanya sauti yote katika upana wa kucha moja, na humo mkono unaoyumba hauna budi kuruka kutoka kimya hadi kishindo bila kupita katikati.

Fundi alishika kazi. Alichukua kibodi moja mbovu iliyokuwa na vitufe vya kupandishia na kushushia sauti, akaifungua. Ndani ya kibodi za namna hiyo mna karatasi mbili za plastiki zilizochorwa njia za umeme, ambazo hukutana pale kidole kinapobonyeza, na pembeni kuna kibao kidogo kinachotambua ni njia zipi zimekutana. Karatasi alizitupa. Kibao alikihifadhi, akalehemu waya kwenye njia za vitufe vile, na mwisho wa kila waya akafunga kibonyezo cha kengele ya mlango. Juu ya kila kibonyezo aliweka kifuniko cha plaiwudi chenye upana wa kiganja kilichokunjuliwa, na chini yake vipande vya sponji, ili kifuniko kishuke popote kitakapoguswa na kirudi chenyewe. Sanduku zima lilikazwa mezani kwa jiriwa, kwa sababu mkono uliorushwa hauwezi kutazamiwa kwamba utaanguka kwa upole.

Chombo kilikamilika, lakini kazi ilikuwa nusu tu. Katika Windows kila mbonyezo wa kitufe cha sauti hupandisha au hushusha daraja mbili katika mia, maana yake mtoto abonyeze mara 50 ili kushuka kutoka juu kabisa hadi chini. Mkwezi akichonga vidato kwenye mnazi huvitenga kwa kadiri ya mguu utakaovipanda, na mtu aliyemchongea binti yangu vidato hamsini hakuwa amemwona mguu. Kwa kutumia programu moja ya bure iitwayo AutoHotkey, ambayo humwezesha hata asiye bingwa kuiamuru kompyuta kwa mistari michache ya maandishi, tulivifanya vidato kuwa vitano, na nafasi baina yake tukazipima kwa sikio, wala hatukufuata hesabu ya skrini. Kisha likajitokeza jambo jingine. Kompyuta imezoezwa kwamba kitufe kikishikiliwa huhesabiwa kuwa kimebonyezwa tena na tena. Na mtoto ambaye mkono wake ukishaangukia kitu huchelewa kukiacha, hujikuta sauti imekimbia hadi kileleni kwa mguso mmoja. Tuliamuru kwamba mguso mmoja uwe kidato kimoja, hata mkono ukilala pale kwa muda mrefu, na kwamba mguso wa pili ukija kwa haraka mno baada ya wa kwanza usihesabiwe, kwa kuwa huo ni mtetemo tu.

Fikira hiyo hatukuwa wa kwanza kuipata. Katika Chuo Kikuu cha Wisconsin, huko Madison, Gregg Vanderheiden alianzisha mwaka 1971 kituo cha utafiti kiitwacho Trace, ambacho kiliwashughulikia watu wasioweza kusema wala kuandika kwa mkono. Na njia zilizobuniwa pale za kuifanya kibodi ipuuze mguso wa bahati mbaya na ukawiaji wa kidole kizito ziliingizwa katika Windows 95, na zimo hadi leo katika kompyuta za dunia nzima, zikingojea mtu wa kuziwasha. Nimekutana na walimu waliokaa na kompyuta miaka mingi bila kuambiwa kwamba zimo. Huo nauhesabu kuwa ni msiba.

Tulijifunza pia kwamba kupanda na kushuka si mambo ya kulingana. Sauti inapopandishwa yafaa ipande taratibu, ili mwili upate kuizoea njiani. Inapoteremshwa yafaa iteremke papo hapo, bila kusitasita, kwa kuwa anayeteremsha huenda yumo katika maumivu. Wimbo wa kuamka wa kompyuta tuliuzima, na kila asubuhi mashine ilianza kwenye kidato cha chini, bila kujali nani aliitumia jana. Mtaalamu wa mazoezi ya viungo aliyekuwa akitutembelea alitufundisha kwamba mkono hauwezi kutulia juu ya mwili unaoning'inia, basi tukamwekea binti ubao wa kukanyagia na mto wa kumwegemeza. Na kwa kujaribu mahali mbalimbali tukaona kwamba sanduku likiwekwa kidogo upande wa kulia, chini kuliko meza, kiwiko chake hulipata kwa wepesi zaidi kuliko vidole. Hakuna aliyekuwa amefikiria kiwiko. Aliposhusha sauti kwa mara ya kwanza alituangalia mmoja mmoja, kisha akaipandisha, akaishusha tena, akaipandisha, na hadithi ya siku ile hakuna aliyeisikia kwa mfululizo. Nami sikuona sababu ya kumharakisha arudi kwenye hadithi, maana alikuwa katika somo kubwa kuliko lile nililoliandaa.

Habari za sanduku zilipoenea kitengoni ndipo nilipotambua kwamba dawa ya mmoja yaweza kuwa sumu ya mwenziwe. Tulikuwa na kijana mwenye usonji, mtaratibu sana, ambaye chumba cha kompyuta hakukiingia. Alisimama barazani ameziba masikio kwa viganja viwili hata wakati ambapo, kwa masikio yetu, ndani palikuwa kimya. Yeye hakuhitaji vidato vitano. Alihitaji kitufe kimoja cha kuzima sauti yote mara moja, kikubwa, kisichohama mahali pake. Tena tuligundua kwamba amri ya kawaida ya kunyamazisha ina hila ndani yake: ukiibonyeza tena, sauti hurudi pale pale ilipokuwa, yaani humrudishia mtoto kishindo kile kile alichokikimbia. Kwa hiyo tulipanga kwamba sauti ikirejea ianzie chini kabisa. Kijana alikaa na kitufe chake siku nyingi akizima na kuwasha, akizima na kuwasha, hata mwalimu mwenzangu mmoja akachoka.

"Mwalimu, kile kimekuwa mchezo sasa," aliniambia. "Mwondolee, asome."

"Mwache kwanza, mwalimu mwenzangu," nilimjibu. "Bado anahakikisha kwamba kinamtii."

Nilimwelewa hivi, na siku zilizofuata zilinithibitishia: kilichokuwa kikimtisha hakikuwa ukubwa wa sauti peke yake, bali kutojua itaanza lini wala nani ataikomesha. Alipoyakinika kwamba mwenye kuikomesha ni yeye, viganja vilianza kushuka masikioni, kwanza kimoja, baadaye vyote viwili. Na kabla ya mwaka kumalizika alikuwa akivumilia, kwa hiari yake, sauti ambazo hatukupata kuthubutu kumwekea.

Lakini kitufe hicho hicho, kilipopelekwa kwenye meza ya kijana kipofu aliyetoka Pangani, kilikuwa balaa. Yeye alitumia NVDA, programu ya bure inayosoma kwa sauti yaliyomo kwenye skrini, iliyoanzishwa mwaka 2006 na Michael Curran wa Australia, ambaye mwenyewe ni kipofu, na baadaye akaungana naye James Teh, kipofu pia. Kiswahili chake kilitoka kwa lafudhi ngumu ya mashine, nasi tuliizoea. Kwa mtumiaji wa namna hii, kunyamazisha kompyuta ni sawasawa na kuizima skrini ya mwenye kuona: hana tena habari yuko wapi, amefungua nini, wala afanye nini ili arudi. Kwake kidato cha chini kabisa kilikuwa sauti ndogo inayosikika, na kimya hakikuwamo katika ngazi yake. Tulimtengea pia sauti ya msomaji mbali na sauti ya muziki, jambo ambalo Windows imeliruhusu tangu toleo la Vista, ili aweze kuuteremsha muziki bila kujiteremsha mwenyewe. Na kila kidato tulikipa mlio wake mfupi, mwembamba zaidi kadiri unavyopanda, apate kujua amefika wapi. Watoto wenye ualbino, ambao kwa kawaida huona kwa shida, walipata vifuniko vya manjano juu ya sanduku jeusi, na kipande cha msasa juu ya kile cha kushushia ili kitambulike kwa ngozi. Hayo yalikuwa mepesi.

Lililotugawanya ni dari, yaani kiwango cha juu ambacho mtoto asiweze kukipita. Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani, pamoja na Muungano wa Kimataifa wa Mawasiliano, walitangaza kigezo cha usikilizaji salama kwa vyombo vya kusikilizia: desibeli 80 kwa mtu mzima na desibeli 75 kwa mtoto, kwa muda wa saa 40 katika juma, na kila desibeli tatu zinapoongezeka, muda huo hauna budi kukatwa nusu. Hata kabla ya tangazo hilo tulifahamu kwamba watoto wanaovaa hedifoni hujipandishia bila kiasi, na kwamba asiyeweza kusema hataweza kutuambia kuwa masikio yake yanavuma jioni. Nilikuwa, na ningali, mtetezi wa dari. Ila nilimpinga kwa nguvu kila aliyetaka dari moja kwa watoto wote, kwa sababu tulikuwa na msichana mwenye usikivu hafifu ambaye kwake dari hiyo ilikuwa chini ya sakafu. Alibonyeza, akabonyeza, na hapakuwa na kitu. Alihitaji dari yake mwenyewe, iliyowekwa kwa ushauri wa mpimaji wa masikio. Alihitaji pia kuona kwa macho kidato alichopo, kwa mistari mipana inayojaa kwenye skrini, ili asije akaipandisha hadi kuwaudhi wenziwe ilhali yeye hana habari, kisha akagombezwa kwa kosa ambalo hakulisikia. Na zaidi ya yote nilishikilia, tena kwa maneno makali kikaoni, kwamba dari isigeuke kuwa kufuli. Kumwekea mtoto mpaka wa juu ni ulinzi. Kumnyang'anya kitufe na kukiweka mezani kwa mwalimu ni jambo jingine kabisa, hata likifanywa kwa nia njema.

Sheria ziko upande wetu, kwa maandishi. Tanzania iliridhia mwaka 2009 Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu, ambao ibara yake ya 9 inadai vyombo vya habari na mawasiliano vifikike na watu wote, na mwaka uliofuata tukapata sheria yetu wenyewe. Miongozo ya kimataifa ya kurasa za mtandao nayo imeendelea: inataka sauti inayoanza yenyewe na kudumu zaidi ya sekunde tatu iwe na njia ya kuikomesha au kuipunguza, na toleo lake la Oktoba 2023 linataka kila kazi ya kuvuta kitu kwa kipanya iwe na njia nyingine isiyohitaji kuvuta. Niliposoma kifungu hicho cha kuvuta nilifurahi kwa niaba ya wengi, na papo hapo nikawafikiria waliokuwa watoto miaka kumi nyuma, ambao sasa ni watu wazima.

Nimelichelewesha jambo ambalo kwangu ndilo kubwa kuliko yote. Binti wa Chumbageni, baada ya kuishinda kompyuta, alipewa kishikwambi chenye programu ya kusemea: picha zimepangwa kwenye skrini, naye akigusa picha, kifaa hutamka neno. Kwa kuwa hatukupata sauti ya mashine yenye Kiswahili cha kupendeza, maneno yale tulimrekodia kwa sauti ya binamu yake wa makamo yake, mwenye lafudhi ile ile ya mtaani kwao. Basi tazama jinsi swali la sauti lilivyogeuka. Hadi siku hiyo kitufe kilikuwa njia ya kuizuia sauti ya wengine isimdhuru. Sasa kilikuwa koo lake. Mtu mwenye ulimi hunong'ona, husema, huita, hupaza, na hafahamu kwamba anafanya kazi nne tofauti. Binti huyu, kifaa chake kilipowekwa kiwango kimoja cha kati na watu wazima waliomtakia mema, alilazimika kumwambia bibi yake kwamba anataka kwenda chooni kwa sauti ile ile ambayo darasa zima lilisikia, na wakati wa mapumziko, uwanjani, akiwaita wenziwe, hapakuwa na aliyemsikia. Staha yake na uchangamfu wake vyote viwili vilikuwa vimefungwa ndani ya kitelezi ambacho hakukifikia, kilichofichwa ubavuni mwa kishikwambi, chembamba, kigumu, cha kubonyezwa kwa ncha ya kidole.

Ninawaomba wanaotunga programu za kusemea, na vijana wetu wa vyuo wa Dar es Salaam, Nairobi na Zanzibar wanaoanza kuzitunga kwa Kiswahili, waviweke viwango vya sauti juu ya ukurasa ule ule wenye maneno, kwa ukubwa ule ule wa maneno: kunong'ona, kusema, kuita. Visizikwe ndani ya mipangilio inayolindwa kwa nambari ya siri ya mwalimu. Anayepaswa kuamua kama neno lake ni la faragha au la hadhara ni mwenye neno.

Tulimrudia fundi wa Ngamiani. Binti alikuwa ameletwa pamoja na bibi yake, na sanduku la zamani lilikuwa juu ya meza, vifuniko vimelika pembeni. Nilianza kueleza tunachokitaka, nami nilikuwa nimekiandika kwenye karatasi kwa mpango mzuri. Fundi aliipokea karatasi kwa heshima, akaiweka chini ya bisibisi isipeperuke, akamgeukia mtoto na kumuuliza yeye: vifuniko viwe vingapi, kipi kikae wapi. Ilichukua muda mrefu, kwa kuwa alijibu kwa picha na kwa macho. Alitaka vitatu. Cha kunong'ona alitaka kiwe kilaini na kiwe karibu na mwili wake. Cha kuita alitaka kiwe kwa mkono wa kushoto, ambao sisi sote tuliuhesabu kuwa ndio dhaifu, na bibi yake alipopinga akagusa picha ya "hapana" mara mbili. Fundi alichukua penseli, akapima kutoka kwenye kiwiko chake cha kushoto, akaanza kuchora mstari kwenye plaiwudi.